Jumana Aliyetaka Kusomea Vyote Viwili

Siku ya kwanza kumwona Jumana, alikuwa juu ya mchungwa na viatu vyake vya Idi, na baba yake yuko chini anambembeleza ashuke. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya kutunza shamba lao la Maramba. Sikujua nimsalimu nani kwanza, nikabaki nimesimama. Yule mtoto akaniona.

"Shikamoo ami. Kwa nini mti huu umezaa kuliko ule?"

Nikamjibu sijui. Akashuka mwenyewe, akaenda kuutazama ule mwingine.

Baba yake, Bwana Thuwaini, alikuwa na duka la vitambaa mjini Tanga na nyumba Mabawa. Shamba alilirithi. Kila likizo ya shule alikuja na binti yake, na mimi niliingoja likizo kama mwanafunzi. Watu wengine walinitia haya, lakini Jumana alizungumza kwa niaba yetu sote wawili. Nikipalilia, yeye yuko nyuma yangu anauliza: kwa nini ndimu zimeshuka bei wiki hii, kwa nini wanunuzi wanakuja pamoja na kuondoka pamoja. Mpaka leo nikipata harufu ya maua ya mchungwa, nasikia maswali yake.

Kule machungwa huuzwa yangali maua. Mnunuzi anatembea shambani, anataja bei ya mavuno yote, na kuanzia hapo faida ni yake na hasara ni yake. Marehemu mzee wake Bwana Thuwaini hakuuza hivyo hata mara moja. Alisema dini haimruhusu kuuza kisichojulikana. Bwana Thuwaini naye alikuwa mtu wa swala tano, lakini kungoja kulimchosha. Akawa anauza maua, kisha anamwomba Mungu msamaha.

Jumana akamaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri. Baba yake alitaka asomee ufamasia. Yeye alikuwa amekiona chuo kimoja Dar es Salaam kinachofundisha uchumi na hisabati pamoja, shahada moja. Muda wa kuomba ulikuwa unakaribia kwisha, na bila idhini ya baba asingekwenda popote.

"Mfamasia ana duka, duka lina mlango, watu wanaingia," Bwana Thuwaini alisema asubuhi moja, tumekaa barazani pale shambani. "Huyo wa uchumi na hisabati anakaa wapi?"

"Atapata pa kukaa, baba."

"Basi chukua kimoja. Hisabati, uwe mwalimu."

"Kimoja hakinitoshi."

"Umemsikia, Idarusi? Hakimtoshi. Kama anapakuliwa biriani."

Mimi nikacheka kidogo.

Mvua ndogo za mchoo, zile za katikati ya mwaka, zilikuwa zimetoa maua ya mapema, na asubuhi hiyohiyo akaja Masoud, mnunuzi wetu wa siku zote. Akazunguka shamba, akarudi barazani, akataja bei. Ilikuwa chini. Jumana akamsogezea kahawa.

"Ami Masoud, unajuaje maua mangapi yatashika?"

"Nusu naambiwa na mti. Umri wake, mvua, wadudu, mwaka jana ulizaa vipi. Nusu ya pili naangalia uso wa mwenye shamba."

"Uso unakwambia nini?"

"Huu? Unaniambia ana binti anakwenda chuo, hawezi kungoja chungwa liive." Akampiga Bwana Thuwaini begani. "Usininunie shekhe, ndiyo biashara."

Bwana Thuwaini hakununa. Alijipangusa uso kwa kiganja, kama mtu aliyeambiwa ana masizi. Nikainama nikatazama miguu yangu.

Jumana akasema polepole, "Baba, ile nusu ya mti ni hisabati. Nusu ya uso ni uchumi. Nikisoma moja tu, ami Masoud atanifunga kwa nyingine."

"Mpeleke huyu," Masoud akasema, "ila asirudi Maramba. Atanifungisha biashara."

Bwana Thuwaini akasukuma kikombe chake kando. Kisha akasema maua hayauzwi mwaka huu. Masoud akadhani anavutwa aongeze, akapandisha bei, akapandisha tena. Alipoona mwenzake anavaa viatu aende zake kutazama miche, akaaga.

"Omba hicho chako," Bwana Thuwaini alimwambia binti yake bila kugeuka. "Ada ya kwanza itatoka dukani. Machungwa tutayangoja."

Tuliyangoja. Mavuno yalikuwa ya kawaida tu, hayakutajirisha mtu. Baadaye Bwana Thuwaini akaugua miguu, safari za Maramba zikamshinda, akaliuza shamba kabla Jumana hajarudi likizo ndefu. Mimi nikarudi kwetu Moa, ninalima mihogo. Nasikia Jumana alimaliza chuo, yuko kazini Dodoma, na ana mtoto wa kike. Kama anapanda miti sijui.

Mara ya mwisho kumwona ni siku walipokuja kuaga shamba kabla hajaenda chuo. Nilimpakilia garini machungwa machache yaliyosalia ya msimu uliopita. Baba yake alikuwa barabarani na majirani, anawasimulia habari za binti yake kwa sauti kubwa. Jumana akasikiliza kidogo, akainamia dirisha la gari upande wangu.

"Ami, unamsikia baba? Anawaambia nakwenda kusomea dawa. Usimsahihishe. Mwache, atazoea."