Mama na Moto wa Radiamu

Mama alirudi kutoka hospitali kubwa ya Dar es Salaam amekonda, na tangu siku ile alikataa kutugusa. Tulimpokea nyumbani Zombo, katika kijiji cha ujamaa tulichokuwa tumehamia, nikainama kumwamkia. Kwetu mtoto akitoa shikamoo, mzazi humwekea mkono kichwani. Mama aliitikia, "Marahaba, mwanangu," mikono ameificha ndani ya khanga.

Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya kizazi. Madaktari walimwekea ndani vibomba vidogo vyenye madini ya radiamu ili miali yake iunguze uvimbe, wakaviacha siku kadhaa, kisha wakavitoa. Siku hizo zote manesi walimsemesha kutoka mlangoni, na vibomba vyenyewe walivishika kwa koleo ndefu. Naye akajumlisha mambo kwa akili yake: kama waliosomea wanaogopa hivi, basi huo moto umeshaniingia. Akajitengea sahani, kata ya maji na mkeka. Mziwanda wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, akimkimbilia, alimfukuza kwa mkono kama afukuzavyo kuku kwenye mtama ulioanikwa. Mtoto alilia hadi akazoea. Hilo la kuzoea ndilo lililonitisha. Je, kama ugonjwa ungerudi ukamchukua kabla hajambeba tena?

Shule ilipofunguliwa nilirudi sekondari Kilosa, nikamfuata mwalimu wa kemia. Maskini, alifurahi mno! Niliuliza habari za mama yangu, nikapewa habari za Ulaya: mwanamke mmoja na mumewe walivyochemsha marundo ya mawe meusi kwa miaka, wakapata chembe tu za madini. Kwamba radiamu ni metali nyeupe, hutoa joto yenyewe bila kuni, na ilipakwa kwenye mishale ya saa ili isomeke gizani. Kwamba ili ipungue nusu inahitaji miaka elfu moja na mia sita.

Miaka elfu! Basi Mama hatambeba mtoto kamwe. Mwalimu akaona uso wangu, akaacha kufundisha.

"Sikiliza, binti. Radiamu ilifungwa ndani ya vibomba, na vibomba vilitolewa. Kilichompiga mama yako ni miali yake tu. Wewe ukitoka juani ukaingia ndani, jua unaingia nalo?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mwambie ambebe mtoto."

Likizo nilimweleza Mama yote, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mwalimu wako amewahi kuwekewa?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Nilikasirika hadi nikatoka nje. Ubishi wake ulikuwa upendo mtupu, na upendo wa namna hiyo utaupinga kwa hoja gani?

Asubuhi moja mimi na Baba tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, Mama peke yake pembeni, karibu na jiko. Mziwanda alikimbiza mwanambuzi, akajikwaa, akaanguka uso mbele kuelekea kwenye mafiga. Mama alimdaka kabla hajafika motoni. Alimkumbatia, mtoto akimng'ang'ania shingoni, kisha akakumbuka.

"Mchukueni!" alipiga kelele. "Mchukueni huyu, nitamuunguza!"

Baba alinyanyuka nusu, akanitazama. Nilitikisa kichwa kumkataza. Akakaa.

Mama aliendelea kutuita tumchukue, huku akizidi kumkaza kifuani.