Nilikaa Mbele, Mwanangu Akabaki Nyuma

Nilikosa mimi, si mtu mwingine. Katibu wa chama alinifungulia mlango wa lori akaniambia nikae mbele pamoja naye, nami nikapanda. Laiti ningekataa! Leo uzeeni nisingekuwa nawaandikia haya.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tunatoka kitongoji chetu nje ya Kilosa kwenda kijiji kipya upande wa Mikumi. Nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, kijana niliyesoma hadi sekondari, na nilipenda kuonekana.

Binti yangu, nitamwita Tausi, alikuwa na miaka minne. Ugonjwa wa dondakoo ulimziba koo, madaktari wakamtoboa shingoni na kumwekea bomba la chuma la kupumulia. Ndani yake kulikuwa na kibomba kingine chembamba, cha kuchomoa na kuosha makohozi yakijaa. Kikiziba, mtoto hana pengine pa kuvutia pumzi.

Mke wangu aliogopa, akashindwa kabisa kukigusa. Basi nikajifunza mimi. Nesi akaniambia, "Baba Tausi, huyu hana sauti. Hata akilia humsikii. Usikae mbali naye."

"Ndiyo, Sista," nikaitikia. Domo langu hilo!

Siku ya kuhama nilimfunga Tausi kitambaa chenye maji shingoni, kumkinga na vumbi. Mama yake akapanda naye nyuma, juu ya magunia na vitanda, pamoja na majirani. Aliponiona naelekea mbele akaita, "Baba Tausi, na huku je?"

Katibu akacheka. "Mama, mumeo utarudishiwa tukifika. Hatumli!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona haya kusema kwamba nahitajika nyuma kulea. Nikamwambia mke wangu, "Ukiona lolote, gonga bati hapa juu ya dereva."

Kiangazi kile barabara ilikuwa vumbi tupu. Huko nyuma watu wakaanza kuimba, wakawa wanapiga bati juu ya vichwa vyetu kufuatisha wimbo.

"Unawasikia watu wako, Ndugu Mjumbe?" Katibu akasema. "Wana ari hawa!"

Nikajisikia mkubwa, jamani!

Kisha mapigo yakabadilika. Yakawa ya haraka, hayafuati wimbo. Nikamgeukia Katibu.

"Ndugu Katibu, labda tusimame kidogo."

"Tutasimama mtoni. Waache wafurahi."

Dereva alinitazama, akingoja neno langu. Nikanyamaza! Niliogopa kuonekana mwoga. Bati likagongwa, likagongwa, kisha wimbo ukakatika, nikasikia sauti ya mke wangu peke yake.

Nikampigia dereva kelele asimame. Nilipopanda nyuma, kitambaa kilikuwa kimekauka kikawa kigumu. Tausi alikuwa ameachama kama anayepiga yowe, wala hapakusikika kitu. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Mama yake alikuwa amekishika kile kibomba kwa vidole viwili, hajui akizungushe upande gani.

Nikakizungusha, kikatoka, kimejaa makohozi mazito kama udongo. Nikanyonya lile tundu kwa mdomo wangu, nikapuliza, nikanyonya tena. Nilifanya yote niliyofundishwa, nikiwa nimechelewa.

Hadi leo mvua ikipiga bati natoka nje, hata kama nitalowa. Siwezi kukaa ndani.

Wewe mwenye mtoto wa bomba shingoni, nisikilize. Watoto hao huishi! Baadaye nilimfahamu mmoja aliyekua, akatolewa bomba, akaoa. Lakini mwenye bomba hawezi kukuita. Mfundishe mama yake, shangazi, bibi, kila mwenye mikono hapo nyumbani, na anayeogopa mshike mkono mpaka aweze. Mkisafiri kaa ubavuni pake, hata anayekuita mbele akiwa nani!

Tausi alikufa kabla hatujafika Mikumi. Baada ya matanga mama yake alirudi kwao Lumuma, hakutaka tena kuniona. Sikupata mtoto mwingine.