Ushahidi wa Mama Bandeji

Katika zahanati ya kambi ya mateka alikuwako mwanamke mmoja ambaye wote, walinzi kwa mateka, walimwita Mama Bandeji. Alifunga kila kilichovunjika. Hata mguu wa kiti chake ulikuwa na bandeji, na walinzi walimtania kwamba kiti kile kitapona kabla vita havijaisha.

Asubuhi moja aliletewa maiti ya mateka aisafishe. Waliombeba walisema alipigwa risasi akitoroka. Mama Bandeji hakuuliza. Alichukua mkasi, akaikata kamba iliyombana marehemu mikono nyuma ya mgongo, akamwosha, akamfunika. Baadaye akasikia kwamba aliyefyatua risasi ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, mlinzi wa kambi ile, ambaye aliishi naye nyumba moja na kula naye chungu kimoja.

Wakaguzi wa hali za mateka walipokuja wakauliza maswali, jeshi likalazimika kuitisha mahakama, na Mama Bandeji akaitwa kutoa ushahidi. Shemeji hakumtisha. Akiwa anafunga viatu sebuleni, alimwambia tu kuwa ndugu husitiriana. Mdogo wake alikuwa akinyonyesha, hakuinua macho.

Mahakama ilikaa katika darasa lililoondolewa madawati. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama marehemu alikuwa amefungwa.

"Alikuwa amefungwa mikono nyuma," alijibu.

"Una hakika?"

"Kamba niliikata mimi."

Alingoja moyo umwende mbio. Haukwenda. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anayeona kisu kinapita na maumivu hayaji. Shemeji alisema aliamriwa na kapteni wa kambi. Kapteni akakana, na neno la askari mdogo halina uzito mbele ya mkubwa. Shemeji alihukumiwa kifungo kirefu. Kapteni alihamishiwa kambi nyingine, na cheo chake begani.

Jioni Mama Bandeji alimkuta mdogo wake akikunja nguo za mtoto.

"Dada, ungesema hukuona."

"Na ile kamba je?"

Mdogo wake alimfunga mtoto mgongoni, akasema anakwenda kwa wakwe zake. Begi lilikuwa zito, hivyo Mama Bandeji akambebea mpaka kituoni. Wakasimama bega kwa bega hadi basi likaja.

Kesho yake alikwenda kazini. Mateka walikuwa wamekwishapanga foleni mlangoni. Wa kwanza alisema kitu kwa lugha yao, huenda alikuwa akishukuru. Mama Bandeji alimwashiria atulize mkono apate kuufunga.