Barua ya Zawadi na Miwani Yangu Mfukoni

Leo nusura nimkoseshe jirani yangu haki zake, kwa sababu ya shikamoo moja tu.

Zawadi, niliyemfundisha shule ya msingi, amepanga mbao kiwandani huku Magamba miaka kumi na moja. Kazi zimepungua, akaitwa ofisini kusaini barua ya kuondoka. Akaniomba nimsindikize.

Nikavaa koti kabisa.

Tunaingia, karani anasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

Kumbe naye nilimfundisha. Nikalainika. Hata miwani sikuitoa mfukoni.

Nikamwambia Zawadi, "Saini tu mwanangu, huyu ni wetu."

Zawadi akashika kalamu, kisha akaiweka chini. Akasoma kwa sauti, polepole: "Nimeacha kazi kwa hiari yangu."

Akanigeukia.

"Mwalimu, mimi sijaacha kazi. Nimepunguzwa."

Mnivumilie nieleze. Anayepunguzwa ana haki ya notisi, kiinua mgongo na cheti cha utumishi. Anayeacha mwenyewe, kiinua mgongo hakipati. Sentensi ile moja ingefuta miaka yake yote.

Karani akaomba radhi, akasema ndiyo fomu aliyopewa. Akaenda kwa meneja, akarudi na barua nyingine: amepunguzwa. Safari hii nikavaa miwani, nikaisoma mara mbili. Ndipo Zawadi akasaini.

Njiani nikamwomba msamaha. Akacheka. "Si wewe uliyetunyima alama kwa kujibu swali bila kulisoma?"

Namshukuru Mungu somo lile lilimwingia, maana mimi lilikuwa limenitoka.

Mliosoma kwangu, mnaruhusiwa kucheka.