Kiti cha Mbele katika Karakana ya Vanila

Kitabu hakikuwa na jalada. Meneja Mfaransa aliyenitangulia alikisahau kwenye droo ya meza, kati ya penseli na chupa ya wino uliokauka. Kazi ya vanila ina saa nyingi za kungoja, kwa hiyo nilikisoma mara tatu. Kilieleza kwamba mahitaji ya binadamu yamepangwa kama ngazi. Chini kabisa ni mwili, yaani chakula, maji na usingizi, juu yake usalama, kisha watu wa kumpenda mtu, kisha heshima, na mwisho, mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Msimamizi mzuri anajua kila mfanyakazi wake amesimama kidato gani, na humpa kinachofuata.

Niliamini upesi. Nilizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, ndani ya mji wa mawe, ambako gari halipiti na njia ya kwenda ngomeni ni ngazi tupu. Mtu aliyekulia hapo hahitaji kuthibitishiwa kwamba kidato cha nne hakifikiwi kabla ya cha tatu. Shule niliiacha mapema. Mengi ninayoyajua nimeyapata katika vitabu vilivyosahauliwa na wengine, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilifundishwa na baba, aliyeuza vitambaa Unguja katika ujana wake. Nilikuwa na desturi ya kukijaribu kila kitabu kabla ya kukirudisha mahali pake.

Hicho nilikijaribia Moroni, mji mkuu ulio kisiwani Ngazija, nilipotumwa kusimamia karakana ya watu kumi na wanne. Ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wachache wenye sare nyeusi walimlinda rais, na mji ulikuwa umejifunza kusema kwa sauti ya chini. Ndani ya karakana tulisema chini zaidi, kwa sababu ya vanila. Maganda yaliyochovywa maji ya moto yalifungwa katika mablanketi na kulazwa masandukuni yatoke jasho, nasi tulipita kati ya masanduku kama wapitao kati ya watoto waliolala. Harufu ile ilikaa kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye mto wa kulalia. Hata leo sina hakika ni mambo gani ya msimu ule niliyaona kwa macho na ni yapi niliyaota nikiwa nimelala ndani ya harufu hiyo.

Nilichora jedwali lenye safu tano. Wakati wa chai nilimhoji kila mfanyakazi, mmoja mmoja, nikatia alama kwa penseli. Nilipofika kwenye usalama, wote kumi na wanne walitazama dirishani na kusema hakuna neno.

Fundi wetu, aliyesimamia ukaushaji wa maganda, alikuwa mgumu kidogo kumpangia kidato. Alikuwa mtu wa miaka kama hamsini, mwana wa mwanamke wa Ikoni, mji wa kale ulio kusini kidogo tu ya Moroni, lakini maisha yake yote yalikuwa Majunga, Madagaska. Alirudi pamoja na maelfu ya wenzetu waliofukuzwa kule kwa damu, akaiacha nyumba na kila alichokiweka akiba. Vanila aliijua kwa vidole. Aliweza kupitisha ganda kati ya vidole viwili huku akizungumza na mtu mwingine, akaliweka kando. Ukilirudisha kati ya mengine, siku ya tatu lilikuwa limeota kuvu. Aliniambia chumba anachoishi kinavuja, kisha akaongeza kwamba kinavuja wakati wa mvua tu. Nikamweka kidato cha pili, nikamtafutia mabati.

Alishukuru kwa adabu. Kazi yake ilibaki ilivyokuwa, nzuri na ya kimya, na kila Ijumaa aliondoka mapema kama zamani. Nikaandika pembeni mwa jedwali: usalama umetimia, jamaa wa kumpenda anao, sasa heshima.

Masanduku ya kwanza yalipokaribia kufungwa kwa safari, tulialika wakubwa wa Moroni na Ikoni waje kunywa chai karakanani. Nilipanga viti mwenyewe. Nilimshika fundi mkono, nikamketisha kiti cha mbele, katikati, na mbele ya wote nikamwomba aseme machache juu ya kazi yake.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Ngazija asingehitaji kuelezwa. Kisiwani kwao mwanamume hawi mtu mzima kwa umri. Anakuwa mtu mzima akishafanya ndoa kubwa, wanayoiita anda: ng'ombe, dhahabu ya bibi harusi, mchele wa kulisha mji, karamu juu ya karamu. Kabla ya hapo ni mtoto wa mji, hata akiwa na mvi, hata akiwa na wajukuu. Hasemi uwanjani. Haketi mbele. Kwenye karamu anabeba masinia pamoja na vijana. Kwetu Mutsamudu harusi kubwa zipo pia, lakini hazimpi wala kumnyima mtu sauti kwa namna hiyo. Niliyasikia hayo Moroni nikayachukulia kama mapambo ya sherehe. Fundi alikuwa ameoa na kuzaa Majunga, lakini ndoa ile haikuhesabiwa. Anda alikuwa hajafanya.

Wageni walitazamana. Mmoja wa wakubwa wa Ikoni, mwenye joho la nakshi, mdogo kwa fundi kwa miaka kumi au zaidi, aliinua kikombe chake kitupu.

"Mtoto," alisema, "chai imekwisha?"

Watu walicheka taratibu. Fundi alisimama, akachukua birika, akaumiminia chai mstari mzima wa mbele, akianzia na yule. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu nilifungua masanduku matatu nikakuta nywele nyeupe za kuvu juu ya maganda. Wanawake wawili waliochambua maganda walinieleza bila kunitazama. Walisema sikumpa fundi heshima, nilimpokonya ile ndogo aliyokuwa nayo. Ikoni walimhesabu kuwa amekaa mahali pasipo pake, na mji ulikuwa umemfungia: hasalimiwi, hali na mtu. Baya zaidi, jamaa zake walikuwa wanamwandalia anda mwaka ule, na sasa walioahidi ng'ombe na mchele walikuwa wanarudi nyuma. Akikosa msimu huo, walisema, labda hatapata mwingine.

Nilipanda teksi kwenda Ikoni. Njiani tulisimamishwa na walinzi. Mzungu kijana aliinamia dirisha kutazama karatasi zangu, akavuta harufu ya nguo zangu, akavuta tena, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jikoni kwa mama yake, akatupungia tupite. Sikujua nimwogope au nimwonee huruma.

Nyumba ya kwanza niliyoiona mtaani kwao ilikuwa haijakamilika, kuta za mawe meusi, na juu yake yaling'aa mabati yangu. Fundi alikuwa ameketi chini ya ukuta wake.

"Shefu," alisema, kama walivyomwita kila msimamizi, "umekuja kuangalia nimesimama kidato gani?"

Kumbe wote walilisoma jedwali langu. Niliona haya, nikauliza jambo dogo ili nipate kupumua: mbona mabati yako hapa, na chumba chake bado kinavuja?

"Mvua ya kule inaninyeshea mimi peke yangu. Hii ni nyumba ninayomjengea binti yangu, na mji wote unaiona." Alipapasa jiwe la ukuta. "Kuna siku watakaa uwanjani kuzungumza habari za ndoa ya binti huyu. Nataka niulizwe mimi. Sasa hivi wakianza, mimi nasogea nikaoshe vikombe."

Nilimwambia nitakwenda kwa wakubwa nieleze kwamba kosa lilikuwa langu. Alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kwa sauti gani? Umefanya anda wewe?"

Sikuwa nimefanya. Pale Ikoni, mimi msimamizi wa karakana nilikuwa mtoto kama yeye, tena mtoto wa kisiwa cha pili. Ilibidi mjomba wake, mtu mzima wa mji, atusemee sote wawili huku sisi tukisimama mbali, kama waliovunja kioo cha jirani. Uamuzi ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa. Ijumaa kulikuwa na karamu. Mimi na fundi tutahudumu mpaka mwisho, kisha neno litakuwa limekwisha.

Nilibeba masinia ya wali tangu asubuhi. Lafudhi yangu ya Nzwani iliwachekesha vijana. Waliniomba niseme neno "maji" mara nyingi kuliko kiu zao. Sinia la kwanza nililielekeza kwa waliokuwa karibu na mlango. Fundi alinivuta shati kwa nyuma.

"Kule," alinong'ona. "Kwa waliotangulia kufanya anda. Usiniharibie tena."

Jumamosi alirudi kazini. Masanduku mawili aliyaokoa, ganda kwa ganda. La tatu tulilichoma nyuma ya karakana, na moshi wake ulishuka mpaka sokoni. Kwa nusu siku watu walitembea Moroni wakigeuza nyuso huku na huku, wakitafuta ni nyumba gani inayopika keki.

Sikujaza jedwali tena. Nilianza kuuliza swali moja tu: unangoja nini? Majibu hayakukaa katika safu. Tukapanga zamu kufuatana nayo, kadiri vanila ilivyoruhusu. Fundi aliwafundisha vidole vyake wale wanawake wawili, nao walishika zamu zake siku ambazo maandalizi yalimhitaji Ikoni. Jamaa zake walirudi mmoja mmoja, polepole. Msimu mmoja haukutosha, ilichukua mitatu. Katika misimu hiyo mitatu hatukupoteza sanduku jingine, na yeye bado alilala chini ya paa linalovuja. Kitabu changu hakina ukurasa unaomweleza mtu wa namna hiyo.

Siku ya anda yake niliomba kubeba birika. Alikuwa mstari wa mbele, ndani ya joho, mwembamba kuliko joho lenyewe. Nilikuwa bado mbali aliponyoosha kikombe.

"Mtoto," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "chai imekwisha?"

Watu walicheka. Yeye alicheka mwisho, huku macho yake yamejaa maji. Nikammiminia mpaka ukingoni.

Siku hizi niko Mutsamudu, mamluki wameondoka, na kitabu kiko rafuni kikiwa bado hakina jalada. Ndani yake nimehifadhi jedwali. Alama ya penseli ya fundi iko pale pale, safu ya pili, sijaifuta. Karatasi ina harufu bado, au nadhani inayo. Nikiinusa mchana, nyumba ikiwa kimya, nasikia kikombe kitupu kikigongwa taratibu mahali fulani mbele yangu, nami nainuka kutafuta birika.