Kimutai Hasemi Inauma

Mume wangu Kimutai ni mtu wa kazi, hilo sitamnyima. Huku kwetu Merigi akiitwa kukata mkaratusi, anapanda juu na msumeno kama mtu anayeenda kuchuma parachichi. Lakini kujikaza kwake, woi! Kunaweza kukuua kwa hasira. Kuna siku aling'olewa jino dawa ya ganzi ikiwa imeisha, akakaa kwa kiti kimya, akarudi nyumbani akaitisha chai ya moto. Vijana wetu hufundishwa jandoni kwamba mwanamume hapepesi jicho kisu kikimgusa, na huyu wangu ni kama hakuwahi kutoka huko. "Mama Chebet, mwanamume ni kujikaza kisabuni," huniambia akicheka. Nami humjibu kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Alhamisi asubuhi, akiwa juu ya mti, tawi lilimpiga kifuani, akaanguka kwa mgongo katikati ya majani chai. Miguu ikakataa kusonga. Noah, kaka yake mkubwa, alitaka kumsimamisha eti damu itembee. Nilimwambia akimgusa namkata na panga. Tukang'oa mlango wa zizi, tukamlaza hapo, shingo tukaikinga kwa magunia mawili ya chai mbichi, kisha pikapu ya jirani ikatufikisha hospitali.

Daktari Atuti, kijana Mkisii, alimpiga picha ya eksirei kisha akaniita kando.

"Mama, ubongo ndio hutoa amri, lakini uko mbali na miguu. Kuna ugwe unashuka kutoka kichwani, ndani ya mifupa ya mgongo, na kwenye ugwe huo hutoka neva za kwenda mwili mzima. Amri ya kutembea hushuka kwa njia hiyo, na maumivu hupanda kwa njia hiyo. Sasa mfupa mmoja umesukumwa ukabana ugwe."

"Umekatika?"

"Hapo ndipo sijui. Ni kama mpira wa maji ya ng'ombe. Ukikanyagwa, ukiondoa mguu mapema maji yanaweza kurudi. Ukikatika, basi. Akisikia kitu miguuni, anaondoka sasa hivi na ambulensi akapasuliwe leo hospitali kubwa. Asiposikia, hiyo nafasi ni ya mgonjwa mwingine."

Tukarudi kwa kitanda.

Daktari alimfunika macho kwa taulo asione sindano. "Ikiuma, sema." Noah alikuwa amesimama hapo miguuni, mikono kifuani, kama mzee anayesimamia jando.

Sindano ikagusa paja. "Inauma?"

"Hapana."

Ikagusa muundi. "Hapa?"

"Hapana."

Kidole gumba cha mguu. "Hapana."

Daktari akashusha pumzi, akamgeukia nesi. "Mtayarishe yule mwingine."

Lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wa Kimutai. Kila sindano ilipogusa, mkono ulikamata shuka na kulikunja. Macho yamefunikwa, ameijuaje?

"Daktari, ngoja! Huyu anadanganya! Anasikia!"

"Mama Chebet," Noah akasema, "usimwaibishe mwanamume mbele za watu."

"Wewe nyamaza! Utakuja kumgeuza kitandani wewe?"

Daktari alimtazama Noah, akautazama ule mkono. "Hata kwetu hufundishwa hivyo," akasema polepole. "Lakini ni lazima aseme mwenyewe."

Nilimwondolea taulo, nikamshika mashavu anitazame mimi, asitazame miguu.

"Baba Chebet, ukinyamaza sasa hivi, hiyo gari inaenda bila wewe, na hutatembea tena. Nitakuosha, nitakulisha na kijiko, na nitakuchukia kila siku. Kisu kilishapita zamani. Hapa hakuna jando, ni mimi tu. Inauma?"

Sindano ikagusa kidole. Midomo yake ikacheza. Nje ambulensi ikawashwa.

"Inauma," akanong'ona.

"Sema!"

"Inauma, mama! Inauma sana!"

Wodi nzima ilisikia. Noah aligeuka akatazama ukuta. Daktari hakungoja, alishasukuma kitanda mlangoni akiita watu wapishe.

Barabara ilikuwa na mashimo vibaya. Kila tulipoangukia shimo, Kimutai alilia kwa sauti, bila haya, machozi yakimwingia masikioni, nami nikiyapangusa kwa leso yangu na kumwambia, "Lia, mume wangu. Lia tena."