Swali la Mwisho Nyumbani kwa Mama Dodoso

Wenzangu walilipwa kwa kuuliza maswali, mimi nililipwa kwa kusubiri. Niliendesha gari la timu ya utafiti, ule wa uzazi, afya ya uzazi na maisha ya vijana, kwa misimu kadhaa, na sijapata kazi nyingine iliyonifunza watu kama ile. Unaegesha gari mbele ya nyumba ya mtu, mdodosaji anaingia na tableti yake, wewe unabaki kwenye usukani na redio imezimwa ili usimkere mtu. Baadaye unawaona wanavyotoka. Kuna waliotoka wamenuna, na kuna waliomsindikiza mdodosaji hadi mlangoni mwa gari huku bado wanasimulia, utadhani bomba limepasuka.

Msimamizi wetu tulimwita Mama Dodoso. Jina alilijua na aliliitikia bila kinyongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkoba begani, raba miguuni, kalamu kaichomeka kwenye nywele kisha anaitafuta gari zima. Huyo mama alikuwa na kipaji cha kuuliza, na nasema hivyo nikiwa mtu nisiyesifu ovyo. Aliingia nyumba ambayo hamjui hata mtu mmoja, akakaa kwenye stuli fupi kuliko kiti cha mwenyeji, na mama wa watu ambaye hajawahi kumwambia hata dada yake kwamba aliwahi kuharibikiwa mimba, akamweleza yeye. Vijana wa timu aliwafundisha mambo mawili tu ya maana. La kwanza, ukishauliza, nyamaza, usimtilie mtu maneno mdomoni. La pili, usishtuke, maana ukishtuka mtu anajifunga na hutampata tena.

Kazini alikuwa hivyo. Nyumbani, kwa binti yake, alikuwa askari wa upelelezi.

Sababu yake naijua, maana safari ndefu huwatoa watu maneno hata bila dodoso. Alishika mimba akiwa bado shuleni, tena yeye ndiye aliyekuwa anaongoza darasa. Akarudishwa nyumbani. Mtoto wa kiume aliyemzaa wakati huo, sasa mtu mzima anayefanya kazi mbali, anampenda kupita maelezo, lakini ile miaka aliyokaa akifua nguo za watu huku wenzake wakifanya mitihani aliisema kwa uchungu mkavu, bila machozi. Alikuja kusoma ukubwani, jioni jioni, mtoto mgongoni. Mkubwa wetu wa ofisini alipenda kutuonyesha mchoro wa familia zinavyozidi kuwa ndogo kizazi hadi kizazi, na Mama Dodoso alikuwa akicheka kwamba huo si mchoro, hiyo ni nyumba yao. Mama yake alizaa hadi akachanganya majina ya kuwaitia. Yeye alizaa wawili, wa pili akiwa huyu binti. Binti alishamaliza shule, alikuwa akingoja kwenda chuo, na mama mtu alikuwa ameshatangaza kwa ukoo mzima kwamba mtoto wake anakwenda kusomea unesi.

Basi jirani mmoja mshona nguo, mtu ambaye macho yake hayatulii kwenye sindano, akamwambia kwamba amemwona binti akiingia zahanati kwa mlango wa nyuma. Asubuhi mapema. Tena si mara moja.

Kuanzia hapo Mama Dodoso hakuwa na raha. Kila kitu kikawa ushahidi. Binti anaondoka bila kunywa chai, ushahidi. Anarudi amechoka na kulala mchana, ushahidi. Akamweka kitako na kumuuliza anakwenda wapi, na nani, na mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini, akiwa ameshika kiuno na sauti imeshapanda kabla ya jibu. Binti akasema yuko sawa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama alinisimulia hayo ndani ya gari, nikamwambia pengine ni malaria. Akaniambia mimi nishike usukani wangu.

Hofu yake aliisema wazi. Hakuogopa mjukuu. Aliogopa mtoto wake apite njia ileile aliyopita yeye, mlango wa chuo ufungwe mbele ya uso wake kama ule wa shule ulivyofungwa.

Sasa, katika utafiti wetu nyumba hazichaguliwi na mtu. Zinachaguliwa na kompyuta, na ikishachaguliwa imechaguliwa, hutakiwi kuiruka hata ikiwa na mbwa mkali. Tulipofikia mtaa wake, nyumba yake ikawemo. Timu nzima tulicheka, yeye hakucheka. Sheria zilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa akizikariri kila asubuhi: mdodosaji hamuulizi mtu anayemfahamu vizuri, anayeulizwa anakaa peke yake na mdodosaji, hakuna wa nyumbani anayebaki karibu kusikia, na yanayosemwa ndani hayatoki. Binti alikuwa ameshavuka umri wa kuombewa ruhusa na mzazi, na alipoulizwa kama yuko tayari, akasema yuko tayari kabisa. Akaingia mdodosaji mgeni kwenye timu, msichana tuliyemwita Mpole kwa sauti yake. Mama Dodoso akatolewa nyumbani kwake na mkoba wake, akaja kukaa kando yangu ng'ambo ya barabara.

Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu msimu uliopita. Tulishusha vioo. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na akaniambia atakinywa taratibu, maana kikiisha Mpole atakuwa ametoka.

Hapo lazima nieleze. Dodoso letu lilikuwa na kurasa nyingi, lakini nyingi zilihusu watoto waliozaliwa, mimba zilizoharibika, kliniki ya wajawazito, nani alimzalisha nani na wapi. Msichana ambaye hajawahi kushika mimba anajibu hapana, na tableti yenyewe inaruka sehemu zote hizo. Kwa msichana wa hivyo nilikuwa sizimi hata injini. Kwa mwenye la kusema, nilikuwa nalaza kiti nyuma na kusinzia. Kila mtu kwenye timu alijua hivyo. Mwaka ule liliongezwa swali moja mwishoni kwa ajili ya vijana, la kuwauliza wanatamani maisha yao yaweje, na jibu liandikwe kama lilivyosemwa. Vijana wengi walijibu maneno mawili, "kazi nzuri" au "sijui", na wadodosaji walinung'unika kwamba swali lenyewe ni mapambo.

Chai ikaisha. Mpole hakutoka.

Mama Dodoso akaweka kikombe juu ya dashibodi. Alilijua dodoso kwa moyo, na akaanza kuwafuata kutoka mle garini, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayesikiliza mpira redioni na timu yake inafungwa. Sasa wako kwenye mimba, akasema. Baadaye akasema sasa wako kwenye kliniki, anaulizwa kama ameshapimwa damu. Nilitamani kumpinga lakini ningemwambia nini, na mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa umeshashika kishikio cha kulazia kiti. Yule binti nilikuwa namjua tangu akiwa na sare ya shule.

"Mimi nimezunguka kuwauliza watoto wa watu," akasema, "wa kwangu ananipita chini ya pua."

Akashika mlango wa gari. Nikamwambia akivuka barabara ataharibu mahojiano, na vijana wote wataona kwamba sheria ni za wengine. Nilitegemea anitukane. Aliuachia mlango, akalia kimya kimya, akajifuta kwa upande wa kitenge.

Mpole alitoka wakati mimi nimeshaacha kutazama saa. Uso wake haukusema kitu, kama alivyofundishwa. Mama Dodoso akamfuata hadi katikati ya barabara na kumwomba neno moja tu, ndiyo au hapana.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ya ndani hayatoki," Mpole akamjibu. Kumkatalia bosi si mchezo. "Nenda ukaongee naye. Ila muulize kama unavyowauliza watu wengine."

Kisha akaondoka kwenda nyumba inayofuata, karibu kukimbia.

Mama Dodoso akaniambia nimsindikize, asije akafanya jambo la kujutia. Tukaingia. Sebule ilikuwa ndogo na nadhifu, feni ya mezani ikizunguka, na binti alikuwa bado kwenye kochi, miguu ameikunja, anatabasamu peke yake. Mikono yake ilikuwa na weusi kwenye kucha, ule weusi ninaoujua mimi mtu wa magari. Mama alifungua mdomo. Nikaona mkono unatafuta kiuno. Kisha, sijui alipata wapi nguvu, akavuta stuli fupi, akaikalia, akawa chini ya macho ya mtoto wake. Nadhani katika dodoso lote alichagua swali lililomtisha kidogo kuliko mengine.

"Mwanangu," akasema, "ukifikiria miaka inayokuja, ungependa maisha yako yaweje?"

Binti akacheka. Alisema dada aliyetoka sasa hivi amemuuliza hilo hilo, na amemchosha kwa maneno hadi akaomba maji. Mama hakucheka. Alinyamaza, kama kazini, na ukimya ule ukafanya kazi yake.

Yakatoka. Zahanati kuna friji la chanjo, limewekwa chumba cha nyuma, na kuna mama mmoja fundi anayelihudumia kila linapoleta matatizo. Binti alipita siku moja akamkuta amelipindua, akasimama kutazama, na tangu hapo amekuwa akimfuata asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa. Amejifunza kusikiliza kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya friji, kujua gesi inavuja wapi, kusafisha mabomba. Fundi amemwambia kuna chuo kinafundisha kazi hiyo na kinapokea wasichana. Anataka kusoma hapo. Anataka siku moja awe na karakana yake, aajiri wenzake, watoto atafikiria baadaye, pengine mmoja, pengine wawili, hajui. Alisema yote hayo bila kupumua, mikono ikichora friji hewani.

Mama alingoja hadi binti amemaliza kabisa.

"Kwa hiyo huna mimba," akasema.

"Mimba?" Binti akamtazama, akanitazama na mimi. "Mimba ya nani?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikashika ukuta. Mama Dodoso naye alicheka, lakini kicheko chake kiligeuka kilio katikati ya safari, akamshika mtoto miguu pale kwenye stuli akisema ahsante, ahsante, sijui akimwambia nani. Sijawahi kuona mtu akishushwa mzigo namna ile. Kumbe maswali yote ya mimba yalikwisha upesi sana, hapana kwa hapana, na muda ule wote wa sisi kufa garini Mpole alikuwa anaandika habari za kompresa.

Binti hakucheka. Alipoelewa kilichokuwa kinasemwa juu yake, uso ulibadilika.

"Ungeniuliza tu, mama."

"Nilikuuliza."

"Ulinishtaki. Na habari za unesi umeshamwambia kila mtu kabla ya kuniambia mimi. Ningeanzia wapi?"

Hapo nilitazama feni. Mama Dodoso hakujitetea, na kwa mtu wa maneno mengi kama yule, hilo si dogo. Alisema ni kweli, na kwamba amekosa. Alisema aliogopa sana. Binti akateremka kwenye kochi akakaa naye chini, na wakabaki hivyo, huku mimi nikihesabika kama samani.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mama alitoa simu kwenye mkoba, akampigia dada yake, yule shangazi... nimekosea, mama mkubwa wa binti, ambaye ndiye aliyebeba habari za unesi kwenye ukoo kwa sauti kuliko wote. Akaweka spika. Mama mkubwa akaanza kuuliza kama nesi wetu ameshapata sare.

"Dada, haendi tena kwenye unesi," Mama Dodoso akasema. "Ana jambo lake. Mimi sitakueleza, nitaharibu. Ngoja nikupe mwenyewe."

Akampa simu. Binti aliishika kwa mikono miwili, akaanza tena tangu mwanzo, friji, chumba cha nyuma, mama fundi. Mama mkubwa alimkatiza mara mbili tatu kwa maswali, na kila mara nilimwona Mama Dodoso anafungua mdomo kutaka kumjibia mwanawe, kisha anaufunga.

Tulichelewa kumfuata Mpole nyumba iliyofuata. Nikiwa nawasha gari, binti alikuja dirishani na kuniuliza kiyoyozi changu kimekufa tangu lini.